Kwa Matumizi ya Nyumbani

Kwenye sanduku la randa ile ya umeme kulikuwa na sentensi moja iliyoandikwa kwa lugha nyingi, moja chini ya nyingine, kwa herufi ndogo. Kiswahili hakikuwamo. Kiingereza kilikuwamo, na mimi na mdogo wangu tulikisoma pamoja tukiwa tumesimama mbele ya kaunta ya duka la vifaa mjini Meru, si mbali na mtaa wa Majengo. Kilisema kwamba mashine hiyo ilitengenezwa kwa matumizi ya nyumbani. Mdogo wangu aliniangalia akatabasamu. Karakana yake iko nyumbani.

Wengi ninaowasimulia kisa hiki hucheka hapo, nami huwaacha wamalize kucheka. Kisha huwauliza: ninyi mngeielewaje sentensi hiyo? Kwetu nyumbani ndipo ng'ombe anapokamuliwa maziwa ya kupeleka sokoni, ndipo ndizi zinapokatwa na madalali kubishana juu ya mikungu, ndipo cherehani inaposhona sare za shule nzima. Sijawahi kumwona mtu wa kwetu Mitunguu akinunua randa ya umeme ili ajiburudishe nayo Jumamosi. Anayenunua mashine ananunua kazi. Lakini huko ng'ambo wapo watu ambao nyumba zao hazina kazi ndani yake. Kwa ajili yao kampuni hutengeneza mashine za kugusa mbao mara moja moja, kisha mashine hizo hizo huletwa kwetu na kuuzwa kwa watu watakaozitumia kutwa nzima.

Nieleze kwanza tulivyofika kwenye kaunta ile.

Mdogo wangu ni seremala. Kazi alijifunza Majengo, katika banda la fundi mmoja mzee anayejulikana mjini kwa vitanda na kwa mdomo. Alimfanyia kazi miaka mingi, na fundi yule, nisimnyime haki yake, alimfundisha vizuri. Kisha mama yetu alipooza upande mmoja wa mwili. Mimi nina kazi ya ofisini Embu, yenye saa za kuingia na kutoka. Mdogo wangu ndiye aliyefunga misumeno yake ndani ya gunia akarudi Mitunguu kumtunza mama, akaweka meza ya kazi chini ya paa la mabati kando ya jikoni.

Fundi mzee hakufurahi. "Mbao na uji wa mgonjwa haviivi pamoja," alimwambia. "Utatengeneza vibanda vya kuku mpaka uchoke, halafu utarudi hapa. Nafasi yako naiweka."

Na kweli mwanzoni alitengeneza vibanda vya kuku. Fundi akawa akimwona mtu wa Mitunguu mjini, anamuuliza, "Hajambo yule fundi wangu wa kuku?" Maneno hayo yalikuwa yakifika nyumbani kabla ya aliyeyabeba hajaketi.

Kisha likaja jambo la mabenchi. Kanisa letu lilikuwa limejengwa upya, na wazee wa kanisa walitaka kuondoa viti vya plastiki. Baadhi yao walisema kazi ipelekwe Majengo kwa fundi mzee, maana anajulikana. Akina mama wa kanisa walikataa katakata: seremala wanaye, tena ni binti yao. Mwisho wakakubaliana. Mdogo wangu atapewa mbao, na mabenchi yawe yamekamilika kabla ya Jumapili ya kuweka kanisa wakfu, siku atakapokuja askofu. Akishindwa, mbao zitapakiwa kwenye pikapu na kupelekwa Majengo. Mwenyekiti wa wazee alilisema hilo mbele ya watu wote. Mdogo wangu alilielewa kuliko wote waliokuwapo. Mbao zikipakiwa, hakuna mtu wa Mitunguu atakayempa tena kazi kubwa kuliko kibanda cha kuku, naye itambidi ama aache useremala ama amwache mama na kurudi kwenye ile nafasi aliyowekewa.

Mbao zilikuwa za grevilia, zimepasuliwa kwa msumeno wa mnyororo, zina manyoya kama paka aliyelowa. Randa ya mkono peke yake isingeziwahi. Ilihitajika randa ya umeme, ile ambayo mafundi wetu huiita pleina. Kwa hiyo tukaenda Meru.

Katika maduka yetu kuna desturi ya kuijaribu mashine. Muuzaji huichomeka kwenye soketi na kuiwasha, na wote waliomo dukani hunyamaza na kuisikiliza, hata aliyekuja kununua misumari. Mashine ikilia bila kukwaruza, watu hutikisa vichwa kwa kuridhika. Hakuna anayeipa ubao ile mashine. Duka halina ubao. Inasifiwa kwa kuimba, kana kwamba ndiyo kazi itakayoenda kufanya.

Kwenye rafu kulikuwa na randa za aina tatu. Ya kwanza ilikuwa kopi, yenye jina la kampuni maarufu lililobadilishwa herufi moja. Hiyo hatukuigusa. Binamu yetu wa Muthara alikuwa amenunua grinda ya jamii hiyo, na kikinga chake kilidondoka siku ya kwanza. Siku hizi inazuia mlango wa stoo usifungwe na upepo. Zilizobaki mbili zilikuwa za kampuni moja, jina moja, nembo moja. Moja ilikuwa nyekundu, nazo za namna hiyo zilijaa rafu nzima. Nyingine ilikuwa ya kijivu, peke yake juu kabisa, vumbi limeikalia.

"Muga! Karibuni, madam," muuzaji alitusalimu. "Tuwape gani?"

"Pleina," mdogo wangu alijibu. "Nataka ya kupiga mbao za grevilia. Kazi ni nyingi."

Muuzaji akashusha sanduku jekundu. "Hii hapa. Orijino."

"Na ile ya kijivu?"

"Ile ni ya mafundi."

"Mimi ni fundi."

Muuzaji alicheka, na sikuona ubaya katika kicheko chake siku ile. "Haya, fundi. Kazi unafanyia wapi?"

"Nyumbani. Mitunguu."

"Sasa dada yangu, si ungesema hivyo mapema!" Akaligeuza sanduku na kutuonyesha ile sentensi kwa kidole. "Soma mwenyewe. Matumizi ya nyumbani. Wenye mashine wenyewe ndio wameandika, si mimi. Na ni kampuni ile ile, ona jina."

Kila neno alilosema lilikuwa la kweli. Nimeyarudia mazungumzo hayo kichwani mara nyingi nikitafuta uongo ndani yake, sijaupata.

Akaichomeka. Duka likanyamaza. "Sikia hiyo sauti," akasema. "Hiyo ni asali."

"Hiyo hata jiwe itapiga," akaongeza mzee mmoja aliyekuja kununua bawaba.

Tukainunua.

Jumamosi nilipofika nyumbani kutoka Embu, nilikuta kazi imeshika kasi. Jambo la kwanza nililoona ni waya. Waya wa randa ulikuwa mfupi, umekusudiwa mtu ambaye soketi iko ukutani pembeni yake. Soketi yetu ya karibu iko chumbani kwa mama. Mdogo wangu alikuwa amevuta waya wa kuunganishia kupitia dirishani, juu ya kitanda, na mama akawa analala chini ya umeme wa kanisa.

Jambo la pili niliambiwa na mama. "Hiyo mashine inachoka," alisema. "Sikiliza. Asubuhi inaimba, saa hii inaguna."

Ilikuwa kweli. Kijitabu kilichokuja ndani ya sanduku kilisema ifanye kazi kidogo kisha ipumzishwe kwa muda mrefu. Mdogo wangu alikuwa akiiweka kivulini juu ya jani la mgomba, na kitambaa kibichi juu ya kiwiliwili chake, kama mtoto mwenye homa. Jirani mmoja alipita njiani na mkungu wa ndizi begani akasimama kutazama.

"Fundi, mashine imelala? Iamshe, askofu yuko njiani!"

"Haijalala," mdogo wangu akamjibu. "Inaomba kwanza."

"Basi ina imani kuliko wewe. Imefunga macho tangu nilipoenda shambani."

Tulicheka. Lakini nilimwona mdogo wangu akitazama mbao zilizopigwa randa na zile ambazo hazijapigwa, halafu akitazama mashine chini ya kitambaa chake. Rundo la mbao zilizopigwa randa, lililoingia kivulini, lilikuwa dogo kuliko lililobaki juani.

Nilirudi Embu. Katikati ya juma, nikiwa ofisini, simu yangu ilipokea sauti aliyoirekodi mdogo wangu. Hakuwa amesema neno. Ilikuwa mashine tu. Ile asali ilikuwa imegeuka kikohozi, kisha mkwaruzo, kisha kimya, na ndani ya kile kimya nikasikia sauti ya mama kutoka dirishani: "Mmechoma nini?"

Aliifungua mwenyewe jioni ile na kunitumia picha. Meno ya gia, ambayo yalikuwa ya plastiki, yalikuwa yameyeyuka na kulala. Mota ilikuwa nyeusi. Halafu akanionyesha kitu ambacho nisingekijua. Ndani ya kila mota ya namna hii kuna vipande viwili vya kaboni vinavyolika polepole kama chaki. Katika mashine ya kijivu, kama ile ya fundi mzee wa Majengo, kuna vifuniko viwili vidogo pembeni. Unavifungua kwa bisibisi, unatoa kaboni iliyolika, unatia mpya, kazi inaendelea. Mashine ya fundi mzee ni kuukuu, waya wake umefungwa utepe mahali pengi, rangi imebaki kwenye pembe tu, na bado inakula mbao. Nyekundu haikuwa na vifuniko. Walioibuni walijua tangu mwanzo kwamba hakuna atakayeitengeneza.

Hilo ndilo lililonikasirisha kwanza, kabla ya mengine yote. Kitu cha bei rahisi si kosa. Maskini ana haki ya kupata kitu rahisi, na nimeona vitu rahisi vilivyotengenezwa kwa heshima. Jembe ni rahisi, na jembe likilegea unalitia kabari. Hii ilikuwa imefungwa makusudi, ikafungwa ndani ya jina lile lile lenye sifa iliyotengenezwa na mashine za kijivu.

Habari husafiri. Fundi mzee alimpigia simu mdogo wangu siku iliyofuata.

"Pole sana, binti yangu. Nasikia umefiwa."

"Mashine ndiyo imekufa, mzee. Mimi niko."

"Lete mbao huku. Yangu inakungoja. Utapiga hapa hapa, mahali pako pa zamani."

"Na mabenchi yatakuwa ya nani?"

"Mabenchi ni ya Mungu," fundi akasema. "Lakini kazi ni ya mwenye mashine."

Mdogo wangu alimshukuru kwa heshima akakata simu. Aliponisimulia hakuwa na hasira kama mimi. Alikuwa na sauti ya mtu anayepima umbali.

Niliomba ruhusa kazini nikapitia Mitunguu kuchukua mashine, nikaipeleka Meru. Dukani muuzaji alikuwa na wateja, kwa hiyo nilingoja pembeni, nami nina tabia mbaya ya kusikiliza yasiyonihusu. Aliingia mwanamume aliyetaka drili. Muuzaji akamuuliza, "Ya kazi gani?" Akaingia mwingine aliyetaka grinda. "Ya kazi gani, boss?" Akaingia kijana aliyetaka msumeno wa umeme, mikono yake laini kama ya karani. "Kazi gani, bro?" Hata mmoja wao hakuulizwa anafanyia wapi. Nilisimama pale nikiwa na gunia miguuni, na polepole nikaelewa kwamba lile swali la "wapi" lilikuwa la mdogo wangu peke yake. Mwanamke akisema anataka mashine, kinachotafutwa ni nyumba yake.

Zamu yangu ilipofika nililiweka gunia kwenye kaunta.

"Hii imekufa kabla ya kumaliza mbao zake."

Aliitazama ndani. "Aisei, pole. Mlikuwa mnafanyia nini?"

"Nilidhani unajua. Ulituuliza wapi. Hukuuliza nini."

Alikuna kichwa. "Madam, mimi nauza kilichoandikwa. Waranti ni ya ajenti, na ajenti yuko Embu. Nenda na risiti, watakusaidia."

Basi nikaipeleka Embu, mji ninaofanyia kazi, ambako ningeanzia kama mtu angeniambia.

Kwa ajenti kulikuwa safi. Kijana aliyenihudumia alivaa shati lenye nembo ya kampuni na alikuwa na adabu kiasi kwamba ilikuwa vigumu kumgombeza. Alisoma risiti, akaipindua mashine, akanusa.

"Ilitumika wapi, madam?"

"Nyumbani."

"Vizuri. Kwa kazi gani?"

Nilifurahi kwamba hatimaye mtu ameuliza. "Kutengeneza mabenchi ya kanisa."

Akaiweka chini. "Basi hiyo si matumizi ya nyumbani. Hiyo ni biashara. Waranti haifanyi."

"Lakini ilikuwa nyumbani. Waya ulipita juu ya kitanda cha mama yangu."

"Naelewa, madam. Lakini nyumbani maana yake si mahali. Maana yake ni kazi ndogo ndogo. Kutundika picha. Kurekebisha mlango."

"Nani hununua randa kutundika picha?"

Nyuma yangu mtu alicheka. Alikuwa mkulima mwenye mota ya mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, ameikumbatia kifuani. "Hebu ngoja, kijana," akasema. "Mimi hii yangu naikatia majani nyumbani, ng'ombe wangu wako nyumbani. Je, ni biashara?"

"Inategemea, mzee. Maziwa unauza?"

"Nauza. Nisipouza watoto watasoma na nini?"

"Basi ni biashara."

"Kwa hiyo ng'ombe wa maziwa ni biashara," mkulima akasema, akiugeukia umati wote wa watu waliokuwa wakingoja, "na wa mahari ni wa nyumbani?"

"Wa mahari ndiye biashara kubwa!" mama mmoja akaitikia kutoka kwenye viti, na chumba kizima kikalipuka kwa kicheko. Kijana naye alicheka, akainama kuficha uso.

Mimi sikucheka. Niliomba msimamizi aitwe. Alitoka mwanamume aliyetulia, akanisikiliza mpaka mwisho, akanieleza kwamba kwa kazi ya namna ile tulipaswa kununua mashine ya kijivu.

"Basi nionyesheni ya kijivu."

"Hapa hatuziweki. Huletwa kwa oda, na oda huchukua muda. Tunapokea oda za karakana."

"Mdogo wangu ana karakana."

"Vizuri sana. Iko wapi?"

Nilifungua kinywa kujibu, nikaona jibu langu limefika kabla yangu.

"Nyumbani," nikasema.

Alinyanyua mikono yake kidogo, bila dharau, kama mtu anayekuonyesha kwamba mvua si yake. Hapo ndipo nilipopaza sauti. Nilisema kwamba kwa nyekundu mdogo wangu anafanya kazi kupita kiasi, na kwa kijivu yuko nyumbani kupita kiasi, sasa wanataka asimame wapi na ubao wake? Nilisema kwamba kama kampuni inajua maana ya nyumbani ni kutundika picha, iandike hivyo kwenye sanduku, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, tuone zitauzwa ngapi kutoka Embu mpaka Maua. Niliombwa nipunguze sauti. Nikachukua gunia langu. Mkulima alinishikia mlango kwa mguu, maana mikono yake ilikuwa na mota. "Umesema vyema, mama," aliniambia. "Lakini hawakuandika."

Nilifika Mitunguu nikiwa na maneno mengi na mashine ile ile iliyokufa. Mdogo wangu hakutaka maneno. Alikuwa ametoa randa yake ya mkono, ya kwanza kabisa aliyonunua alipokuwa Majengo, akawa anainoa kwenye jiwe.

"Hii haina waranti," alisema, "wala haiulizi niko wapi."

"Hutamaliza," nikamwambia. "Mbao ni nyingi."

Alilitazama benchi moja alilokwisha unga, akalizunguka, kisha akaita kuelekea dirishani. "Mama! Mtu hukalia upande gani wa benchi?"

"Swali gani hilo?" mama akajibu kutoka kitandani. "Wa juu."

"Basi nitapiga randa upande wa juu na wa kuegemea. Wa chini nitauacha."

"Mungu huona pande zote," mama akasema.

"Mungu haketi, mama. Wanaoketi ni wazee wa kanisa."

Ndivyo ilivyofanyika. Alipiga randa kwa mkono, na mkono wake wa kulia ulipovimba na kuchoka alibadilisha mkao lakini hakubadilisha kazi. Mimi nilisugua msasa kila nilipopata nafasi ya kuwa nyumbani, na kucha zangu zikarudi ofisini zimejaa unga wa grevilia. Nyekundu ilikuwa juu ya rafu jikoni, imerudishwa ndani ya sanduku lake. Kila nilipoingia kuchemsha chai niliisoma ile sentensi, na kila mara damu ilinipanda upya. Mdogo wangu aliniambia niligeuze sanduku litazame ukuta. Sikuligeuza.

Mabenchi yaliingia kanisani Jumamosi, vanishi ikiwa bado inanuka. Jumapili askofu alihubiri, watu wakakaa, na hakuna gauni lililonasa. Baada ya ibada watu walibaki ndani wakisalimiana, na hapo nikamwona fundi mzee wa Majengo. Alikuwa amekuja kama wageni wengine, koti zuri, fimbo mkononi. Aliketi kwenye benchi la nyuma, akajitikisa kulijaribu. Halikulia. Akapitisha kiganja juu ya mbao, taratibu, kama anayempapasa ndama. Kisha akaingiza vidole chini.

"Eeh," akasema kwa sauti ya kusikika. "Huku chini mbona hakujapigwa randa?"

Watu waligeuka. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa, aliyekuwa karibu, naye akainama kutazama. Mdogo wangu alikuwa amesimama na vikombe vya chai vya akina mama. Akaviweka chini.

"Mzee wangu," akasema, "wewe hukalia upande gani?"

Kicheko kilianzia kwa akina mama. Fundi mzee alijaribu kukaza uso, ukamshinda, akaonyesha meno machache aliyobaki nayo. "Huyu mimi ndiye niliyemfundisha," akawaambia watu, na hilo nalo lilikuwa kweli. Hakumwita tena fundi wa kuku. Mwenyekiti aliponyoosha mgongo alikuwa bado anacheka.

"Kuna milango ya ofisi ya mchungaji," alimwambia mdogo wangu. "Lakini mlango una pande mbili. Hizo zote utazipiga randa."

"Nitazipiga," akajibu.

Mbao za milango zilipelekwa nyumbani kwetu. Hakuna pikapu iliyokwenda Majengo.

Kabla ya kuanza milango, mdogo wangu alifanya jambo ambalo mama alidhani ni wazimu. Alichukua mabaki ya mbao akajenga ua mfupi kati ya jikoni na paa la kazi, akatia kilango, na juu ya kilango akaandika kwa rangi nyeupe: KAZINI. Asubuhi yake alimlisha mama uji, akavaa aproni, akaaga.

"Unaenda wapi?" mama akauliza.

"Kazini."

"Huko ndiko hatua nne kutoka kwenye sufuria yangu?"

"Ndiko huko, mama. Ukinihitaji piga ukelele."

Kisha, malipo ya mabenchi yalipoingia, tukarudi Meru, kwenye duka lile lile. Muuzaji alitukumbuka, au alikumbuka sauti yangu.

"Fundi!" akasema. "Bado uko nyumbani?"

"Niko kazini."

"Kazini wapi?"

"Kazini," mdogo wangu akarudia, akinyoosha kidole kwenye rafu ya juu. "Shusha ile ya kijivu."

Alimtazama, akanitazama, akaenda kuchukua ngazi. Akaipangusa vumbi, akaishika kwa mikono miwili kwa sababu ilikuwa nzito, akaelekea kwenye soketi. Dukani watu walianza kunyamaza.

"Usiiwashe hapo," mdogo wangu akasema. Alifungua mkoba wake akatoa kipande cha grevilia chenye manyoya, urefu wa mkono, akakiweka kwenye kaunta kando ya kalenda na bakuli la misumari. "Leo hatusikilizi. Leo itakula."

"Madam, hii ni duka!"

"Tutoke nje, basi."

Na akatoka. Waya wa ile mashine ulikuwa mrefu, mweusi, laini kama kamba, ukafika mpaka veranda bila kuunganishwa. Mdogo wangu alikibana kipande cha mbao kwenye ngazi ya mlangoni, akakikanyagia kisigino, akaiwasha mashine. Haikulia kama asali. Ilinguruma. Alipoipitisha juu ya ubao, maganda marefu yaliruka na kujikunja, yakatua kwenye viatu vya wapita njia. Mtu mmoja aliyekuwa akienda msikitini alisimama na kuokota moja akalitazama kwenye mwanga. Mdogo wangu aliupindua ubao, akapiga randa na upande wa chini. Kisha akatafuta kwa kidole gumba vile vifuniko viwili vidogo pembeni, akavipata, akaizima.

"Funga hii," akasema.

Muuzaji alikuwa amesimama mlangoni akitazama veranda yake iliyofunikwa maganda. "Sasa haya yote nani atafagia?"

"Wewe, boss," mdogo wangu akamwambia, akipangusa magoti. "Hapa si nyumbani kwako?"